Ukinyamaza mvivu, ukisema hatari

Ilikuwa saa nne kasoro asubuhi, siku ya kufunga hesabu za mwezi, nilipoanguka kifafa ofisini. Ninachokumbuka kabla ya hapo ni harufu ya waya unaoungua, ambayo niliisikia mimi peke yangu, kisha namba kwenye skrini zikawa ngeni kana kwamba sijawahi kuziona maishani. Ninachokumbuka baada ya hapo ni dari: taa mbili ndefu nyeupe, moja inapepesa. Ulimi ulikuwa umechanika ubavuni na sketi imelowa. Nilijua imelowa kabla sijakumbuka jina langu. Halafu nikahisi kitu chenye joto kimenifunika mapajani. Mama wa masjala, ambaye kwa miaka minne tulikuwa tukisalimiana mlangoni tu, alikuwa amevua sweta lake akanifunika kuanzia kiunoni. Alipiga magoti kati yangu na mlango, akawa anawaambia waliokusanyika, "Tokeni jamani, apate hewa. Anaamka huyu. Tokeni."

Siri niliyoilinda miaka minne ilikwisha kwa dakika mbili. Baadaye niliambiwa kwamba kijana mmoja alikimbilia kijiko anitie mdomoni, mama yule akamzuia. Mwingine alinikandamiza mikono nisitikisike, ndiyo maana bega liliniuma wiki nzima. Hakuna aliyenitakia mabaya. Hawakujua la kufanya, na wangelijuaje, wakati sikuwa nimemwambia mtu?

Lakini ninayotaka kuyaandika hapa ni yale ya miaka minne kuliko ya zile dakika mbili.

Kifafa changu mara nyingi si cha kuanguka. Ni cha kupotea. Macho yanabaki wazi, vidole vinachezea kifungo cha blauzi, na kwa nusu dakika au zaidi kidogo mimi sipo. Nikirudi, wenzangu wameshavuka ajenda moja. Anayenitazama anaona mtu anayeota mchana. Katika kikao kimoja msimamizi wangu aliniuliza swali, nikamkodolea macho bila kujibu, naye akagonga meza: "Dada, tuko pamoja au tukuache uendelee kulala?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ndiyo ilikuwa njia fupi ya kutoka pale. Usiku ule nililia mpaka mwanangu akaniuliza kuna nini.

Kuficha ni ajira ya pili isiyo na mshahara wala likizo. Vidonge vyangu vilikaa kwenye chupa ya vitamini. Kengele ya simu ya saa mbili asubuhi niliiandika "mpigie mama". Dawa zenyewe zilinifanya mzito asubuhi, na mara nyingine neno la kawaida kabisa, kama "risiti", lilinipotea katikati ya sentensi, nikawa nalizunguka kwa maelezo marefu huku anayenisikiliza akidhani sijui kazi. Kubwa zaidi lilikuwa usingizi. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kifafa kwa wengi wetu, na idara yetu ilikuwa na desturi ya kufunga hesabu kwa kukesha. Kila mwisho wa mwezi nilitoa udhuru. Mtoto anaumwa. Jino. Mgeni wa mbali. Niliziandika nyudhuru zangu nyuma ya daftari la kazi nisije nikarudia moja mara mbili. Katika tathmini ya mwaka wa tatu msimamizi aliandika maneno mawili tu upande wa udhaifu: "Hana kujituma."

Niliyasoma maneno yale mara nyingi. Hayakuwa uongo wa makusudi. Kwa aliyokuwa akiyaona, hata mimi ningeandika hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa mtego wenyewe. Mwenye ugonjwa usioonekana hushtakiwa kwamba anasingizia: mbona unatembea, mbona jana ulikuwa mzima, mbona unacheka? Mwenye ugonjwa unaonyanyapaliwa hushtakiwa jingine kabisa, kwamba yeye mwenyewe ana kasoro: ana laana, ana tabia mbaya, hana akili timamu, ataambukiza wenzake. Sasa mwenye ugonjwa ulio vyote viwili, usioonekana na wenye aibu, akitaka kujitetea kwa shtaka la kwanza inabidi akiri la pili. Nikinyamaza mimi ni mvivu. Nikisema mimi ni hatari. Nilichagua uvivu kwa miaka minne kwa sababu mvivu huonywa kwa barua, na mtu wa hatari huondolewa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sina ugomvi na wahenga, lakini naamini walimsema anayeyaficha kwa ndugu zake na kwa mganga wake, watu ambao wakijua watamsaidia. Hawakumsema mtu anayepima kama mkataba wake utahuishwa. Na woga wetu si wa kujitungia. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa kugusana, na Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi nacho. Hata hivyo Uingereza, nchi ya mahakama za karne na karne, haikurekebisha sheria iliyoruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa mpaka mwaka 1971. Nchini Marekani, hadi miaka ya 1970, ilikuwa halali kumzuia mtu mwenye kifafa asiingie mgahawani au kwenye ukumbi wa maonyesho. Wazee walioziona sheria hizo bado wapo hai. Ukimwona mfanyakazi anaficha chupa ya dawa, usimwone mwoga.

Tangu niache kuficha, watu wamekuwa wakinijia pembeni. Ngazini, kwenye maegesho, mmoja kwa ujumbe wa saa saba usiku. Kuna mwenye kisukari ambaye sukari ilimshuka kazini, akatoka jasho, akatetemeka, maneno yakamkorogeka, na wa kwanza kumwona akasema amelewa. Kuna dada mwenye endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, ugonjwa unaokadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, aliyefundishwa tangu ujana kwamba maumivu ya mwezi si ugonjwa na hayatamkwi mbele ya wanaume. Kuna mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ambaye baridi au kukosa maji ya kutosha mwilini kunaweza kumwamshia maumivu ya mifupa ya kumlaza siku kadhaa. Kuna mwenye ugonjwa wa utumbo aliyeitwa ofisini kuulizwa kwa nini anakwenda chooni mara nyingi. Na kuna wa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, hao ndio wengi, ambao husema sentensi ileile: ningevunjika mguu ingekuwa afadhali.

Mmoja anaishi na VVU. Anatumia dawa zake, virusi vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo, na mwenye hali hiyo hamwambukizi hata mwenzi wake kwa kujamiiana, seuze mtu wa meza ya pili anayegusa kalamu moja naye. Anayajua yote hayo kuliko mimi. Bado huchukua dawa kituo cha mbali, kwa likizo zake mwenyewe, siku nzima barabarani, ili asionane na mtu wa kazini kwao. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 200, linalosema mfanyakazi asilazimishwe kupima wala kutaja hali yake ya VVU kwa ajili ya kazi, na taarifa zake zilindwe. Nilipomtajia, alitikisa kichwa taratibu. "Sheria haikai na mimi mezani," alisema.

Nirudi kwenye yaliyonipata baada ya kuanguka, maana nilidhani mabaya yamekwisha.

Kwanza ilikuwa barua. Nilitakiwa nilete maelezo ya daktari, nikayaleta, jina la ugonjwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Ile barua ilipita mapokezi, ikapita kwa katibu, ikapigwa nakala. Siku ya tatu niliikuta nakala yake imesahauliwa kwenye mashine, uso juu. Niliikunja nikaiweka ndani ya blauzi kama mwizi, barua yangu mwenyewe.

Kisha ikaja huruma. Niliondolewa kwenye ukaguzi wa matawi, "usije ukapata shida safarini". Nikaondolewa kufunga hesabu. Nikaondolewa hata kuandaa malipo, kazi ya kukaa kitini, ambayo kifafa hakina la kuifanya. Kila kilichoondolewa kiliondolewa kwa sauti ya upole. Hakuna aliyeniuliza. Kwa wiki sita nilipanga mafaili yaliyokwisha kupangwa, na ninasema kwa moyo wote kwamba wiki zile ziliniumiza kuliko miaka ya kuitwa mvivu. Mvivu bado anahesabiwa kuwa anaweza, ila hataki.

Kilichobadilisha mambo ni mkuu mpya wa idara. Mzee mtaratibu, mwenye kuvaa miwani kwenye paji la uso na kuisahau huko. Aliniita, akafunga mlango, akavuta kiti upande wangu wa meza. Nikaanza kueleza ugonjwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kuueleza. Akainua mkono.

"Binti yangu, ugonjwa ni wako na daktari wako. Mimi niambie kuhusu kazi. Kazi gani inakushinda, saa ngapi, na ukifanyiwa nini haitakushinda?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Nilipojiuliza, jibu lilikuwa dogo ajabu. Nisikeshe. Nikichelewa kulala kwa sababu ya kazi, niingie kazini saa nne kesho yake. Maamuzi ya kikao niyapate kwa maandishi, ili dakika niliyopotea isinipoteze kabisa. Meza yangu isikae kando ya ngazi. Pawe na chumba ninachoweza kujilaza nusu saa baada ya degedege, kwa kuwa mwili huwa kama umepigwa. Yote yalifanyika ndani ya wiki mbili. Kufunga hesabu kuligawanywa siku tatu badala ya usiku mmoja, na hilo halikuninufaisha mimi tu: makosa yalipungua, na wenye watoto wachanga walinishukuru kwa jambo ambalo sikuwaombea.

Swali la yule mzee ndilo ningependa kila msimamizi alichukue. Mwajiri hahitaji jina la ugonjwa ili aweze kusaidia. Anahitaji kujua mipaka: huyu asipangwe zamu za usiku mfululizo, yule apate mapumziko mafupi kila baada ya saa mbili, huyu awe karibu na choo, yule awe na saa mbili za kliniki kila mwezi. Daktari anaweza kuandika barua yenye mipaka hiyo tu bila kutaja maradhi, na mfanyakazi anaweza kumwomba afanye hivyo. Laiti ningelijua hilo kabla ya ile nakala kwenye mashine.

Nikiri pia upande wa pili, maana si kweli kwamba kila kitu ni siri ya mgonjwa peke yake. Mimi siendeshi gari, na kama ningekuwa fundi wa kupanda juu ya mapaa au wa kuhudumia mashine inayokata, ningewajibika kusema, kwa usalama wangu na wa wenzangu. Na kifafa kina lake jingine: siku kikija, aliye karibu ndiye daktari wa kwanza. Kwa hiyo niliandika karatasi moja, nikawapa watu watatu niliowachagua mwenyewe. Mama wa masjala alikuwa wa kwanza. Inasema: tazama saa. Ondoa vitu vigumu karibu yangu, weka kitu laini chini ya kichwa. Usinishike kunizuia. Usinitie kitu chochote mdomoni, ulimi haumezwi. Mtikisiko ukikoma nilaze kwa ubavu. Ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla sijaamka, piga simu ya dharura. Nikiamka, niambie niko wapi, na wafukuze watazamaji.

Ule mstari wa mwisho sikuutoa kwenye kitabu cha huduma ya kwanza. Niliutoa kwake.

Sipendi, na nasema wazi, mtindo wa kuwahimiza wagonjwa "wavunje ukimya" mahali ambapo hakuna kilichoandaliwa kuwapokea. Huletwa mtoa mada, hubandikwa bango, kisha macho yote yanamgeukia mfanyakazi: haya, sema. Aliye na uwezo mdogo kuliko wote chumbani ndiye anayeombwa aanze kwa ujasiri. Niliwahi kuombwa nisimame mbele ya ofisi nzima nitoe ushuhuda wiki ya afya. Nilikataa, na bado naona nilifanya vyema, kwa sababu mwaka ule bado kulikuwa na mtu aliyeandikiwa onyo kwa kwenda kliniki. Kwanza onyo lile lifutwe. Kwanza kabati la barua za madaktari lipate ufunguo, na ajulikane nani anao. Kwanza msimamizi afundishwe kuuliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, wa mwaka 2022, unapendekeza hasa hilo, wasimamizi wafunzwe, na shirika hilo linakadiria sonona na wasiwasi uliokithiri huila dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Mtu anayehesabu faida na azihesabu hizo pia.

Halafu kuna manung'uniko ya wenzako. "Mbona yeye anaingia saa nne?" Hili ndilo lililokuwa likinitisha kuliko yote, na ndilo linalowafanya wasimamizi wengi wateleze na kutoa siri kwa nia njema: "Mvumilieni, ni mgonjwa." Mkuu wetu alikuwa na jibu moja. "Mpango wa kazi wa kila mtu ni kati yangu na yeye. Wewe ukiwa na lako, mlango uko wazi." Na mlango ulikuwa wazi kweli. Baada ya mwaka mmoja kubadilishana zamu na kuingia kwa saa tofauti vikawa ruhusa ya kila mtu, bila kuuliza sababu, mradi kazi imefika. Aliyekuwa na mzazi mzee wa kuuguza alitumia, aliyekuwa anasoma jioni alitumia. Nami nikapotea ndani ya kundi. Hamwezi kujua ilivyo tamu, baada ya miaka yote ile, kuwa mtu mmoja tu kati ya wengi wanaoingia saa nne.

Bado ninaanguka, mara chache siku hizi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila degedege wakipata utambuzi na dawa sahihi. Mimi si miongoni mwao, au sijawa bado. Mwaka jana ilinipata mara mbili kazini. Mara ya pili niliamka nikakuta mafaili yangu yamekwisha kukusanywa sakafuni na kupangwa kwa tarehe, na kijana wa zamani wa kijiko ameshika simu akisoma saa kwa sauti: dakika moja na sekunde arobaini.

Mwezi uliopita nimekabidhiwa kusimamia watu wanne. Mmoja ni kijana mgeni, hodari, mwenye kuvaa koti zito kutwa nzima na kuchelewa kila baada ya wiki kadhaa, akirudi amekonda uso. Wenzake walishaanza kusema. Nilimwita, nikafunga mlango, nikahamishia kiti upande wake.

"Mdogo wangu, kuna kitu katika kazi hii kinachokusumbua, ambacho tukikibadilisha utafanya vizuri zaidi?"

Alitazama viatu vyake kwa muda, kisha akanitazama, akiwa kama anapima uzito wa mlango ule uliofungwa.

"Kiyoyozi, dada," alisema. "Meza yangu iko chini yake kabisa."

Tulishika meza yake ncha hii na hii, tukaisogeza mpaka dirishani palipo na jua. Nikamwambia akaongeze maji kwenye chupa yake, kisha anionyeshe hesabu za robo mwaka.